Kizunguzungu cha Mzee Huenda Kinatoka Moyoni

Mzee akianguka ghafla njiani, majirani husema ni uzee, au ni njaa, au ni jua kali. Mara nyingine chanzo ni moyo unaopiga polepole kupita kiasi, na dalili yake hupatikana kwa vidole viwili na saa.

Moyo hausubiri amri ya ubongo ili upige. Katika ukuta wa chumba chake cha juu, upande wa kulia, kuna fungu dogo la seli zinazojitolea umeme. Kila zinapotoa cheche, misuli hujikaza na kusukuma damu. Wataalamu wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, ndio waliolieleza mwaka wa 1907. Mtu mzima akiwa ametulia, fungu hilo hutoa mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Mapigo 70 kwa dakika ni zaidi ya 100,000 kwa siku, bila likizo.

Umri ukisonga, seli hizo hupungua na nafasi yake huchukuliwa na tishu ngumu kama kovu. Cheche huchelewa au hukwama njiani. Hapo sehemu ya pili, iliyo katikati ya moyo, hushika usukani, lakini kwa mapigo 40 hadi 60 tu. Akiwa ameketi, mzee huenda asihisi lolote. Taabu huanza anapopanda kutoka Silanga kwenda Laini Saba, au anapobeba mtungi wa maji hadi ghorofa ya tatu kule Kawangware. Moyo ulipaswa kuongeza kasi, nao umebaki palepale. Kichwa huzunguka, pumzi hukatika, na wengine huzimia.

Ili kupima, mzee aketi dakika tano. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, kisha uhesabu dakika nzima. Usitumie kidole gumba chako, kwani kina mapigo yake. Mapigo chini ya 60 pekee si ugonjwa; vijana wachezaji kandanda huwa nayo. Lakini yakiwa chini ya 50, au yakirukaruka, pamoja na kizunguzungu, mpeleke kituo cha afya kama Kibera South au Riruta. Aliyezimia afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Mbagathi iko jirani na Kibera.

Beba dawa zake zote. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolol, hupunguza mapigo, na daktari akibadilisha kipimo cha dawa tatizo huweza kwisha. Asiziache mwenyewe: kuacha ghafla ni hatari.

Fungu likichoka kabisa, hupandikizwa pesimeka, kifaa kidogo cha betri chini ya ngozi ya kifua. Mtu wa kwanza kupandikizwa, Arne Larsson wa Uswidi, alikipata mwaka wa 1958. Kifaa hicho kiliharibika baada ya saa chache. Akawekewa vingine, zaidi ya 20, akaishi hadi miaka 86.