Mlango au Bandari? Istilahi za Usalama wa Mtandao wa Tarakilishi

Utangulizi

Istilahi haibandikwi tu juu ya dhana ngeni kama jina. Istilahi hufundisha, na ikiteuliwa vibaya hupotosha. Makala haya yanachunguza istilahi tatu za mawasiliano ya tarakilishi na kuonyesha jinsi tafsiri sisisi inavyoweza kumficha msomaji hatari ambayo neno lilipaswa kumwonyesha.

Mlango

Neno la Kiingereza "port" huwashawishi wafasiri kusema bandari. Hata hivyo, katika taaluma hii asili yake ni "porta" la Kilatini, yaani lango, wala si "portus", yaani bandari. Mlango unaozungumziwa si tundu linaloonekana kwa macho, bali ni nambari, kuanzia 0 hadi 65535, inayouelekeza ujumbe kwenye programu husika. Kwa desturi, seva za barua pepe hupokeana ujumbe kwenye mlango wa 25, kurasa za wavuti hupitia 80, na kurasa zilizosimbwa hupitia 443.

Itifaki

Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya mapatano, nayo yanaifaa dhana: pande mbili hukubaliana jinsi ya kuzungumza. Telnet, itumiayo mlango wa 23, na SSH, itumiayo mlango wa 22, zote humwezesha mtu kuiamuru tarakilishi iliyo mbali. Tofauti ni kwamba Telnet huipitisha nywila wazi, ikaweza kusomwa njiani. Tatu Ylönen wa Ufini alibuni SSH mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake. Kwa hiyo, swali si kama mlango umefunguliwa tu, bali pia ni mapatano gani yanayotumika hapo.

Ukuta

Wengi husema "ukuta wa moto". Lakini ukuta wa mawe ni ukuta uliojengwa kwa mawe. Mwanafunzi atadhani huu nao umeundwa kwa moto! Katika ujenzi, ukuta huo huzuia moto usienee. "Ukuta kinga" ni istilahi bora, kwani huitaja kazi yenyewe: kuruhusu na kuzuia ujumbe kwa kufuata kanuni.

Ukuta huo hukaguliwa kwa zana kama Nmap, iliyotolewa na Gordon Lyon mwaka 1997, ambayo hubisha milango kubaini iliyo wazi. Mlinzi huitumia, na mwizi vilevile. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inaharamisha kuingia katika tarakilishi ya mwingine bila idhini.

Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa hauzibwi na asiyeuona, wala hauoni aliyepewa jina lisilo lake. Mwanaisimu anayeteua "mlango" badala ya "bandari" anashiriki, kwa njia yake, katika ulinzi wa mtandao.