Kushika, Kukolea na Kuchujuka: Uchunguzi wa Rangi ya Hina katika Mwambao wa Malindi na Kilifi

Utangulizi

Katika miji ya mwambao wa Barani, kuanzia Mambrui na Malindi hadi Kilifi na Takaungu, harusi haikamiliki bila hina. Bibi harusi hupakwa mikononi na miguuni, na jamaa zake nao hupakwa kwa kadiri ya nafasi zao. Swali linaloulizwa katika kila nyumba ya harusi ni lile lile: tufanyeje ili rangi ikolee na idumu? Swali hili laonekana kuwa dogo, lakini jibu lake limewagawa mafundi katika makundi mawili. Wapo wanaongojea jani lifanye kazi yake, na wapo wanaokimbilia rangi nyeusi za dukani ili kazi imalizike kwa saa moja.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuongozwa na lugha yenyewe. Mafundi wa hina hutumia vitenzi vitatu wanapozungumzia rangi: kushika, kukolea na kuchujuka. Tutabaini kwamba kila kitenzi kinataja hatua mahususi katika maisha ya rangi mwilini, na kwamba anayeielewa maana ya vitenzi hivi huwa ameshapata nusu ya ufundi. Baada ya hapo tutaijadili piko na hatari zake, kwani huko ndiko madhara yanakotokea.

Mhina na hina

Neno hina limetoholewa kutoka Kiarabu. Kiswahili kililipokea kikaliingiza katika utaratibu wake wa ngeli: mti ni mhina, katika ngeli ya U-I, na jani au unga wake ni hina, katika ngeli ya I-ZI. Utaratibu ni ule ule wa mkarafuu na karafuu. Wanabotania huuita mti huu Lawsonia inermis, jina alilolitoa Linnaeus mnamo mwaka wa 1753. Neno inermis maana yake ni kutokuwa na silaha, yaani miiba, ingawa mhina uliozeeka huota miiba.

Rangi imo katika majani. Jani likisagwa na kuchanganywa na maji, hutoa kemikali iitwayo lawsoni, ambayo ni ya rangi ya machungwa yenye wekundu. Ifahamike tangu mwanzo kwamba hina halisi haitoi rangi nyeusi. Hutoa rangi ya machungwa, kisha nyekundu, kisha hudhurungi iliyoiva. Ukweli huu mmoja unatosha kumlinda msomaji dhidi ya udanganyifu mwingi.

Kushika

Rangi husemwa imeshika inapokuwa imejifunga mwilini kiasi kwamba maji hayawezi kuiondoa. Usemi huu unaafikiana na sayansi. Lawsoni hupenya katika tabaka la juu kabisa la ngozi na kujiunga na keratini, protini iliyomo katika ngozi, nywele na kucha. Hivyo basi, hina si rangi iliyolala juu ya ngozi kama wanja ulivyo juu ya kope. Imeingia ndani na kushikana nayo.

Kutokana na maelezo haya, mambo manne yanahitaji kuzingatiwa. Jambo la kwanza ni unga. Unga mzuri ni wa kijani na una harufu ya nyasi kavu. Uliogeuka kuwa wa kahawia kwa kukaa sana juani au hewani umeshapoteza nguvu, na hakuna kiungo kitakachoufufua. Uhifadhiwe katika chombo kilichofungwa vizuri, pasipo unyevu wala mwanga, na uchujwe kwa kitambaa chepesi kabla ya kuchanganywa ili usizibe tundu la pembe ya kuchorea.

Jambo la pili ni mchanganyiko. Unga hukandwa kwa maji yenye uchachu kidogo. Wengi hutumia maji ya ndimu pamoja na chai ya rangi iliyopoa, na kuongeza sukari ili ujiuji ushikamane na ngozi. Uchachu huifanya lawsoni itoke polepole na kuizuia isiharibike mapema. Mchanganyiko hufunikwa na kuachwa mahali penye joto. Katika joto la mwambao wetu, saa 6 hadi 12 zinatosha. Namna ya kupima ni rahisi: tone moja liwekwe katikati ya kiganja kwa dakika chache; likiacha alama ya rangi ya machungwa, hina iko tayari. Mchanganyiko ukiachwa siku mbili au tatu nje hupoteza nguvu, lakini unaosalia unaweza kugandishwa katika friji na kutumiwa baadaye.

Kuhusu mafuta ya kunukia, matone machache ya mafuta ya mkaratusi husaidia kuiongeza rangi. Mafuta ya karafuu yana nguvu sana na huweza kuiwasha ngozi, hasa ya watoto na ya waja wazito. Kwa hiyo ni bora kuyaepuka. Aidha, mafuta ya taa na petroli hayana nafasi yoyote katika hina.

Jambo la tatu ni ngozi yenyewe. Ioshwe kwa sabuni na kukaushwa, isiwe na mafuta wala losheni. Hapa pana suala la mpangilio ambalo wazee walilielewa vyema. Bibi harusi husingwa kwa singo na liwa kabla ya kutiwa hina, wala si baadaye. Singo huondoa ngozi iliyokufa, na hina hupata ngozi mpya ya kushika. Anayesingwa baada ya hina huwa anaisugua rangi yake mwenyewe.

Jambo la nne ni muda. Hina ikae mwilini kwa saa 6 hadi 8, au usiku kucha. Ndiyo maana wengi huitia baada ya sala ya isha na kuiondoa kabla ya alfajiri, kwa kuwa ujiuji uliokauka huzuia maji ya udhu yasifike kwenye ngozi, ilhali rangi iliyosalia haizuii. Ikianza kukauka na kupasuka, iguswe kwa pamba iliyochovywa katika maji ya ndimu na sukari, kisha ifungwe kwa kitambaa chepesi. Tahadhari moja: maji ya ndimu yasiachwe kwenye ngozi itakayopigwa na jua, kwani huweza kuiunguza.

Kukolea

Kitenzi kukolea kina matumizi mapana. Chumvi hukolea katika mchuzi, sukari hukolea katika chai, mazungumzo hukolea barazani. Katika matumizi yote hayo mna dhana ya kitu kilichokwisha kutiwa, kisha kikaendelea kufanya kazi hadi kikafikia kiwango chake. Fundi huweza kutia hina, lakini kukolea ni kazi ya hina yenyewe. Fundi hawezi kuilazimisha. Anaweza tu kuipa nafasi.

Ndivyo ilivyo hasa. Hina inapokwanguliwa asubuhi, rangi huwa ya machungwa iliyopauka, na wasiojua hudhani kazi imeharibika. Kwa kweli, kazi ndiyo kwanza imeanza. Hewa ya oksijeni huendelea kuigeuza rangi hiyo kwa muda wa saa 24 hadi 48, ikawa nyekundu na hatimaye hudhurungi. Kwa mintarafu hii, bibi harusi atiwe hina siku mbili kabla ya siku ya kuonekana, wala si usiku wa kuamkia siku hiyo. Makosa mengi yanayosingiziwa unga au fundi ni makosa ya kalenda.

Katika kipindi hiki ujiuji ukwanguliwe kwa mkono au kwa ukingo wa kijiko, usioshwe. Ngozi ipakwe mafuta kidogo ya nazi au ya ufuta, na maji mengi na sabuni viepukwe kwa siku nzima ya kwanza. Maji ya udhu ni machache na ya muda mfupi, wala hayaleti hasara kubwa. Yanayoleta hasara ni kufua, kuosha vyombo na kuogelea.

Ni muhimu pia kujua kwamba viungo vya mwili havikolei sawasawa. Viganja na nyayo zina ngozi nene, nazo hupata rangi iliyoiva zaidi. Mgongo wa mkono hupata rangi ya wastani, na mkono wa juu rangi hafifu. Asimlaumu fundi anayeona ua la kiganjani limekoza kuliko la karibu na kiwiko.

Kuchujuka

Kitenzi kuchujuka kinatokana na kuchuja, na hutumika hasa kwa nguo iliyopoteza rangi yake kwa kufuliwa. Kwa upande wa hina, si rangi inayotoka kwenye ngozi, bali ni ngozi inayoondoka na rangi yake. Tabaka la juu la ngozi hupukutika na kubadilishwa na jingine kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Ndiyo sababu hina halisi hudumu kwa wiki 1 hadi 3. Hakuna ujuzi unaoweza kuifanya idumu miezi, kwa kuwa hakuna ngozi inayodumu miezi.

Linalowezekana ni kuchelewesha kupukutika huko. Mikono ipakwe mafuta kabla ya kuoga. Isisuguliwe kwa dodoki wala jiwe. Kazi za maji mengi na msuguano, kama vile kufua, kukuna nazi kwa mbuzi na kuoga baharini, zipunguzwe. Desturi ya kumpumzisha bibi harusi na kazi za nyumbani ina heshima yake na utu wake. Lakini tukiitazama kwa jicho la fundi, tutaona kuwa pia inailinda hina.

Piko na gharama ya haraka

Katika mwambao wetu, piko ni rangi nyeusi ambayo aghalabu huzungushiwa maua ya hina nyekundu ili mistari ionekane wazi. Nyingi ya rangi hizo ni dawa za kutilia nywele nyeusi zilizokorogwa kwa maji. Kemikali inayozipa weusi ni parafenilinidiamini, inayofupishwa PPD. Katika Umoja wa Ulaya, kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika dawa ya nywele iliyo tayari kupakwa ni asilimia 2, nayo si ya kupakwa kwenye ngozi. Katika rangi nyeusi zinazochorwa mwilini, wapimaji wa nchi mbalimbali wamekuta viwango vilivyopita asilimia 15.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumwona jamaa yake aliyepakwa piko usiku wa kuamkia harusi. Rangi ilishika kwa chini ya saa moja, na wote waliisifu. Siku ya nne mikono ilianza kuwasha. Siku ya sita malengelenge yalifuata kila jani na kila ua lililochorwa, kana kwamba mchoro umechorwa upya kwa moto. Malengelenge yalipona, makovu yakabaki, na hadi leo hawezi kutia dawa yoyote nyeusi nywelani.

Hayo hayakuwa mambo ya bahati mbaya tu. Mwili ukishaikataa PPD mara moja, huikataa maisha, na mwathiriwa huweza pia kudhurika na rangi fulani za nguo na hata baadhi ya dawa za ganzi. Watalii wanaochorwa kwenye fukwe za Malindi na Watamu wamo katika hatari hiyo hiyo.

Dalili za kuitambua ni chache na zimo katika vitenzi vyetu. Rangi inayoshika bila kungojewa, isiyopitia hatua ya kukolea, iliyo nyeusi tangu mwanzo na isiyo na harufu ya jani, hiyo si hina. Anayewashwa aioshe mara moja kwa maji na sabuni na aende hospitalini.

Hata hina halisi ina mpaka wake. Watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD huweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu wanapopakwa hina. Upungufu huu ni wa kurithi, na umeenea katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa muda mrefu, ukiwamo mwambao wetu. Kwa hiyo mtoto mchanga asipakwe hina, hata ya kujifurahisha siku ya Idi.

Hitimisho

Tumeona kwamba kudumu kwa hina kunategemea unga mpya, uchachu wa kiasi, ngozi safi, usiku mmoja wa kungoja, siku mbili za kukolea na wiki chache za uangalifu. Hakuna siri nyingine. Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka, na katika suala hili methali hiyo ni ushauri wa kitabibu.

Mnamo Desemba 2024, shirika la UNESCO liliitambua hina kuwa urithi wa kitamaduni usioshikika, kufuatia ombi la pamoja la nchi 16 za Kiarabu, zikiwamo Omani na Yemeni ambazo mwambao wetu una udugu nazo wa karne nyingi. Kenya haikuwamo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kutia saini maombi ya serikali, lakini tunaweza kuanzia nyumbani: kuketi na mama na bibi zetu, kuyaandika maneno ya ufundi wao kabla hayajachujuka, na kumwambia kila bibi harusi tunayemjua tofauti iliyopo kati ya hina na piko. Neno moja likisemwa mapema huweza kuiokoa mikono miwili.