Jambazi Anayetaka Kuitwa Bwana: Namna ya Kutazama Filamu za Uhalifu za Uingereza

Ukiweka filamu ya majambazi ya Uingereza huku unasubiri risasi zinyeshe na magari yapinduke, nusu saa ya kwanza itakuchosha. Wanaume wazima wamekaa baa wanabishana. Mmoja anavua koti, analitundika, anaagiza kinywaji. Hakuna aliyekufa. Wengi huizima hapo na kurudi kwa Wamarekani, wala hawajui kwamba mchezo umeshaanza, na kwamba katika yale mabishano ya baa mtu mmoja ameshavunjiwa heshima na lazima atalipiza.

Mchezo wenyewe ni wa matabaka. Uingereza mtu akifungua kinywa tu, wenzake wameshakisia alizaliwa upande gani wa mji na baba yake alikula kwa kazi gani. Jambazi wa filamu zao anaweza kuwa na pesa, suti za kushonesha na boti ya kifahari, lakini lafudhi inamuumbua. Ndiyo maana nakushauri uache kujiuliza nani atamuua nani. Jiulize: huyu anataka kukaribishwa kwenye meza ya nani? Jibu likikujia, umeshakijua kitakachomwangusha.

Msomaji aliyekulia kwenye hadithi za Bwana Msa za Mohamed Said Abdulla itabidi abadili mwendo kidogo. Bwana Msa na kiko chake ni jamaa wa Sherlock Holmes: kuna maiti, kuna fumbo, na utamu uko kwenye kulifumbua. Katika filamu ninazozungumzia hapa mkosaji unamjua tangu mwanzo, na mara nyingi ndiye unayemshabikia.

Anza na The Long Good Friday. Kama utatazama moja tu, iwe hiyo. Iliongozwa na John Mackenzie, ni ya mwaka 1980, na Bob Hoskins ndiye Harold Shand, mbabe wa London aliyewaweka mfukoni hadi diwani na ofisa wa polisi. Sasa anataka kikubwa zaidi. Bandari za zamani za mto Thames zimekufa, na Harold amepanga kuzigeuza majengo ya biashara kwa fedha za mafia wa Marekani. Mtazame akiwa kwenye boti yake, Tower Bridge likiwa nyuma yake, anavyowahutubia wageni kama waziri anayezindua mradi. Simamisha filamu hapo. Angalia alivyovaa, anavyosimama, na jinsi mwenzi wake Victoria, mwanamke wa tabaka la juu anayechezwa na Helen Mirren, anavyoziba kwa upole kila ufa ambao Harold anauacha kwenye mazungumzo. Bila Victoria, wageni wale wangemwona mhuni mwenye pesa tu.

Kisha mabomu yanaanza kulipuka, wikiendi ya Pasaka, na Harold hajui adui ni nani. Maisha yake yote amejifunza kwamba binadamu ama ananunulika au anatishika. Safari hii anapambana na IRA, wapiganaji wa Ireland wasionunulika wala kutishika, na ujanja wake wote unageuka wa kitoto. Dakika za mwisho ziko ndani ya gari. Kamera imeganda usoni kwa Hoskins, hasemi neno, na uso ule unapitia hasira, mshangao, karibu kicheko, halafu kukubali. Kijana yeyote anayejifunza uigizaji Dar es Salaam au Nairobi atafaidika kuzirudia dakika zile kuliko semina nyingi. Na ndoto ya Harold ilitimia kweli: mwaka 1981 serikali iliunda shirika la kuendeleza eneo lile la bandari, maghorofa ya Canary Wharf yakapanda, na Olimpiki, ambayo Harold naye aliiota, ikaja mashariki ya London mwaka 2012. Ila waliokula ni wengine.

Baada ya hapo jizoeze kutazama vitu vidogo, na hakuna mwalimu mzuri wa jambo hilo kama Get Carter ya Mike Hodges, ya mwaka 1971. Michael Caine ni Jack Carter, jambazi wa London anayerudi kwao Newcastle, kaskazini, kwa sababu ndugu yake Frank amekufa na maelezo ya kifo hicho hayamwingii akilini. Anaingia baa ya wafanyakazi, anaagiza bia, halafu anataka iletwe kwenye glasi nyembamba. Basi. Ukiwa unachezea simu, limekupita. Mtoto wa mtaa amekwenda mjini, amejifunza mapozi ya watu wengine, na sasa kwao hapamtoshi na London hawamhesabu kuwa mwenzao. Ukatili wote atakaoufanya baadaye unatoka kwenye pengo hilo. Jambo la pili: mwanzoni mwa filamu, kwenye behewa la treni, chunguza abiria wengine. Kuna mmoja mwenye pete yenye herufi J. Ikumbuke pete hiyo utakapofika ufukweni mwishoni. Sisemi zaidi.

Silaha nazo zisome kwa jicho tofauti. Askari wa kawaida wa Uingereza hatembei na bunduki. Baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Dunblane, Scotland, mwaka 1996, karibu bastola zote zilipigwa marufuku kwa raia mwaka uliofuata. Hivyo bunduki ikitokea kwenye filamu yao, uliza imetoka wapi, kwa sababu mwandishi amelazimika kujiuliza hivyohivyo. Lock, Stock and Two Smoking Barrels ya Guy Ritchie, ya mwaka 1998, inazunguka juu ya bunduki mbili za kale zenye thamani kubwa ambazo kila anayezishika hajui ameshika nini. Katika Bullet Boy ya Saul Dibb, ya mwaka 2004, silaha moja tu inatosha kuiteketeza familia ya mtaa wa Hackney, London: kaka ametoka jela, bunduki imefichwa nyumbani, na mdogo wake anaiona. Pale ambapo bunduki hakuna, hasira hutafuta chombo chake, chupa iliyovunjwa au nyundo. Harold Shand anawaning'iniza wapinzani wake kichwa chini kwenye ndoano za machinjioni. Damu ni haba kuliko ya Hollywood lakini inauma zaidi, kwa hiyo jipime moyo kwanza.

Ukishatazama tatu nne, wahusika utaanza kuwatambua wakiwa mlangoni. Anayenivutia kuliko wote ni kichaa. Kila kundi lina mtu ambaye hata bosi anamwogopa, na mfano wake mkuu ni Don Logan wa Sexy Beast, filamu ya Jonathan Glazer ya mwaka 2000. Gal Dove, mwizi mstaafu, amejipumzisha Uhispania pembeni ya bwawa la kuogelea. (Hapo kuna historia: kati ya 1978 na 1985 Uingereza na Uhispania hazikuwa na mkataba wa kurudishiana wahalifu, na wengi walikwenda kuota jua huko.) Don anatumwa kumrudisha kwa kazi ya mwisho. Anayemcheza ni Ben Kingsley, yuleyule aliyecheza Gandhi mwaka 1982. Watu wa mwambao huenda wakapenda kujua kwamba babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo Zanzibar, na baba yake aliishi huko hadi alipohamia Uingereza akiwa na miaka 14. Kazi ya Don ilimfikisha Kingsley kwenye orodha ya wawania Oscar. Kwa sehemu kubwa silaha yake ni maneno: anarudia ombi lilelile, anakataa kusikia hapana, anakaa kimya mpaka chumba kizima kinatokwa jasho. Mbinu ya kumtazama kichaa ni kutomtazama yeye. Tazama wenzake. Kabla Don hajafika, zichunguze nyuso za wale wanne mezani wanaposikia jina lake likitajwa, nawe utaanza kumwogopa hujamwona.

Juu ya kichaa yuko bosi, na juu ya bosi, karibu kila mara, yuko bwana wa kweli. Huyu ndiye watazamaji wa kwetu humpita bila kumtambua, kwa kuwa hana vitisho. Ana lafudhi ya shule za kulipia na hana haraka. Katika The Italian Job ya mwaka 1969 ni Bwana Bridger, aliyechezwa na Noël Coward: yuko gerezani, lakini anatembea mle ndani kama mwenye jumba, na picha za malkia ameziweka ukutani. Katika Layer Cake ya mwaka 2004 ni Eddie Temple wa Michael Gambon. Humo Daniel Craig ni muuza dawa za kulevya anayejiona mfanyabiashara safi na anataka kustaafu mapema, na hatujulishwi hata jina lake. Kanuni ni nyepesi: akiingia mtu wa namna hii, yule uliyekuwa unamwogopa ameshuka cheo. Mtazame anavyokaa kwenye kiti.

Polisi usiwasubiri sana. Mwaka 1950, katika The Blue Lamp, konstebo mwema George Dixon alipigwa risasi na kijana mhuni, na watu walimpenda hivi kwamba televisheni ikamfufua katika Dixon of Dock Green, kipindi kilichoanza 1955 na kuendelea hadi 1976. Katika filamu nyingi zilizofuata, polisi ama analipwa na bosi au anafika kila kitu kimekwisha.

Wanawake ndio udhaifu mkubwa wa filamu hizi, na sioni sababu ya kuzitetea. Wengi wamewekwa wapigwe, wabakwe, au walilie maiti. Ukiondoa Victoria, na Simone wa Cathy Tyson katika Mona Lisa ya mwaka 1986, aliyenikosha ni bibi kizee. The Ladykillers ya mwaka 1955 inawaleta wezi watano kupanga chumba kwa Bi Wilberforce, wakijifanya wanamuziki. Kila wakitaka kupanga uhalifu, bibi anagonga mlango kuwaletea chai. Adabu yake inawamaliza mmoja baada ya mwingine, na fedha zote zinabaki kwake.

Hilo linatuleta kwenye kanuni ya mali. Katika filamu za wizi za Uingereza dhahabu hailiki. The Lavender Hill Mob ya mwaka 1951 inamhusu karani mnyenyekevu wa benki anayeyeyusha dhahabu iliyoibwa na kuitengeneza sanamu ndogo za mnara wa Eiffel, mpaka watoto wa shule wanazinunua kama zawadi. The Italian Job inaishia basi likiwa limening'inia ukingoni mwa korongo, wezi upande mmoja, dhahabu upande mwingine. Kwa hiyo usihesabu fedha. Hesabu urafiki unavyokatika.

Nikutahadharishe kuhusu filamu za mapacha wa Kray. Ronnie na Reggie walikuwepo kweli, walitawala mashariki ya London, na mwaka 1965 mpigapicha David Bailey aliwapiga picha kama mastaa. Mwaka uliofuata Ronnie alimpiga risasi George Cornell ndani ya baa ya Blind Beggar, na mwaka 1969 wote wawili walifungwa maisha. The Krays ya mwaka 1990 inampa mama yao nafasi anayostahili, na ndiyo bora. Legend ya mwaka 2015 itazame kwa sababu ya Tom Hardy, anayecheza pacha wote wawili, lakini jiulize kila mara ni nani hayumo kwenye picha. Waliotozwa fedha kwa vitisho hawana suti nzuri, basi kamera haiwafuati.

Kuhusu lugha, weka maandishi ya Kiingereza chini ya skrini hata kama Kiingereza unakimudu. Misimu ya mashariki ya London ni migumu, na katika Snatch ya mwaka 2000 Brad Pitt anaongea kwa namna ambayo hata wahusika wenzake hawaambulii kitu, kwa makusudi. Matoleo yaliyotiwa Kiswahili na madijei wetu nayapenda kwa filamu za ngumi. Kwa hizi yanaua vitu viwili usivyoweza kuvikosa, ukimya na lafudhi.

Mpangilio wangu ni huu: The Long Good Friday, kisha Get Carter, kisha Sexy Beast. Pumzika kwa The Ladykillers, ndipo uende kwa Guy Ritchie. Ukianza na Ritchie utadhani zote ni utani, na waigaji wake wengi hawafai hata kwa utani. The Ladykillers, The Lavender Hill Mob na The Italian Job unaweza kutazama na familia nzima sebuleni. Zilizobaki, subiri watoto walale.