Ajali za Maabara na Mafunzo Yake Nyumbani

Kama ulisoma kemia katika shule ya sekondari, bila shaka una kisa kimoja cha maabara ambacho unakisimulia mpaka leo. Kuna aliyetobolewa shati na asidi, na kuna waliojificha chini ya meza chupa ilipopasuka. Tukikutana tunacheka. Lakini hebu tujiulize, mbona wengi wetu tulitoka salama? Palikuwa na mwalimu, mfereji wa maji, ndoo ya mchanga na amri zilizobandikwa ukutani. Siku hizi kemikali zile zile ziko jikoni, chooni na gereji, na huko hakuna mwalimu. Basi tukumbuke majaribio manne, tuone kila moja linatufundisha nini.

1. Asidi na maji

Kila mwanafunzi aliikariri amri hii: tia asidi ndani ya maji, usitie maji ndani ya asidi. Sababu yake ni nini? Asidi kali ya salfa ikikutana na maji hutoa joto jingi sana. Tena ni nzito, karibu mara 1.8 kuliko maji. Ukimwaga maji juu yake, yatabaki juu, yachemke ghafla na kukurukia usoni pamoja na asidi. Lakini ukitia asidi kidogo kidogo ndani ya maji mengi huku ukikoroga, maji hulimeza lile joto.

Katika shule niliyosoma, mwenzetu mmoja aligeuza utaratibu huo. Asidi ikamrukia mkononi. Mwalimu alimvuta mbio hadi kwenye mfereji, akaushikilia mkono wake chini ya maji kwa muda mrefu, huku kijana akililia kupakwa dawa. Mwalimu alifanya sawasawa, kwa maana maji ndiyo dawa ya kwanza. Fundi wa betri anayezimua asidi kali hana budi kuifuata amri ile ile ya shuleni.

2. Gesi inayolia "pop"

Tulitia vipande vya zinki ndani ya asidi, tukakusanya haidrojeni, kisha tukasogeza kijiti cha moto kwenye mdomo wa tyubu. Ikalia "pop!" nasi tukafurahi. Kwa tyubu ndogo huo ni mchezo. Gesi hiyo ikichanganyika na hewa ndani ya chupa kubwa, kisha ikapata moto, chupa hupasuka na vigae huruka kila upande.

Betri ya gari, au ile ya asidi inayotumiwa na sola, hutoa gesi hiyo hiyo inapochajiwa. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo hutajua kwamba ipo. Usiichungulie betri kwa kiberiti, mshumaa au koroboi. Usivute sigara karibu nayo. Ichaji mahali penye hewa, si katika chumba cha kulala, na uzime chaja kabla ya kuondoa nyaya.

3. Gesi ya klorini

Wengine wetu tunaikumbuka gesi ya rangi ya kijani-manjano iliyotufanya tukohoe hata madirisha yakiwa wazi. Hiyo ni klorini. Tarehe 22 Aprili 1915, jeshi la Ujerumani liliiachilia dhidi ya askari waliokuwa kwenye mahandaki karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Si gesi ya kufanyia mzaha.

Hata hivyo, mtu anaweza kuitengeneza chooni bila kujua. Dawa ya kung'arisha nguo, ambayo wengi wetu tunaiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, hutoa klorini. Watu hudhani kwamba dawa mbili zitasafisha kuliko moja. Tumia moja tu, kisha umwage maji mengi. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, toka nje mara moja, na uwatoe watoto.

4. Kunyonya kwa mdomo

Zamani wanafunzi walinyonya pipeti kwa mdomo, na wapo walioonja magadi makali. Leo vijana wananyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi. Nayo mafuta ya taa yanawekwa katika chupa ya soda, mtoto mwenye kiu anayaona na kuyanywa. Hatari kubwa ni mafuta kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo usimtapishe! Akitapika, mafuta hupita njia ya hewa. Mpeleke hospitali haraka, pamoja na ile chupa. Na tangu leo, weka mafuta katika chombo ambacho hakifanani na cha kinywaji, juu mahali asipofikia mtoto.

Asidi ikimpata mtu

- Vua nguo zilizolowa.
- Mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna mfereji, tumia mtungi na kikombe.
- Ikiwa ni jicho, lifungue na ulioshe vivyo hivyo, maji yasitiririkie jicho lingine.
- Usipake dawa ya meno, unga, mafuta wala chokaa.
- Mpeleke hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Taja kemikali zilizo nyumbani kwako. Zimewekwa wapi, na katika vyombo gani?
2. Ni nani katika kijiji chetu anayechaji betri? Tunaweza kumweleza nini bila kumvunjia heshima?
3. Mtoto akinywa mafuta ya taa usiku wa leo, mtampelekaje hospitali?

Kinga ni bora kuliko tiba. Wasimulieni watoto visa vyenu vya maabara, wacheke, lakini msiache kuwaeleza sababu ya kila amri.