Kamera Hupokea, Kompyuta Huunda



Tunapotazama filamu pamoja, hakosi mtu wa kusema, "Hiyo ni dijitali tu," akimaanisha kwamba si kweli. Neno hilo linachanganya mambo mawili ambayo inatupasa kuyatofautisha.

Jambo la kwanza ni kupiga filamu kwa kamera ya dijitali. Mwanga hutoka kwa mwigizaji, hupita kwenye lenzi na kufika kwenye kitambuzi, nacho huugeuza kuwa namba. Zamani mwanga huohuo ulipokelewa na mkanda wenye kemikali. Chombo kimebadilika, lakini bado ni lazima pawepo kitu mbele ya kamera.

Jambo la pili ni picha zinazoundwa kwa kompyuta. Fundi hujenga umbo, hulivika ngozi na rangi, hulipangia mwendo, kisha kompyuta hukokotoa jinsi mwanga ungeliangukia. Mbele ya lenzi hapakuwa na kitu.

Jurassic Park ya 1993 ilipigwa kwa mkanda, ila baadhi ya dinosaria wake waliundwa kwa kompyuta. Katika The Lion King ya 2019, mwongozaji Jon Favreau alieleza kwamba kati ya vipande vya picha karibu 1,500, kimoja tu kilipigwa kwa kamera: kile cha mwanzo, kilichopigwa hapa Afrika. Nani kati yetu alikitambua?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu. Je, picha isiyo na kitu nyuma yake ni uongo? Hapana. Mfano wa Mwana Mpotevu si taarifa ya tukio, wala haumdanganyi mtu, kwa sababu umetolewa kama mfano. Uongo huanza pale kilichoundwa kinapoletwa kama ushahidi. Machi 2023 ilisambaa picha ya Papa Francisko amevaa koti kubwa jeupe. Iliundwa na programu ya kompyuta, na wengi waliiamini.

Kamera nayo yaweza kutumiwa kudanganya, kwa kukata maneno na kuyaunganisha upya. Kwa hiyo Amri ya Nane inatuhusu sisi tunaosambaza pia. Kabla ya kutuma video kwenye kundi la jumuiya yetu, tujiulize: ni nini kilichokuwapo mbele ya kamera, na ni nani anayeshuhudia?