Mandhari ya Nyuzi 360 kwa Akili Mnemba: Itengeneze, Kisha Iingie Uikague

Anayebuni ua wa nyumba, mchezo wa kompyuta au mandhari ya filamu hutamani kusimama ndani ya mahali anapopabuni kabla hapajajengwa. Tamaa hiyo si ya leo. Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker wa Edinburgh alipewa hataza ya mchoro unaomzunguka mtazamaji, na mwaka 1793 akafungua jengo la duara karibu na Leicester Square, London, ambako watu walilipa kiingilio wasimame katikati na kugeuka huku na huku. Siku hizi programu ya akili mnemba hutoa picha ya namna hiyo kwa muda mfupi sana. Lakini picha inaweza kupendeza kwenye kioo cha kompyuta na bado ikawa na makosa yasiyoonekana mpaka uingie ndani yake.

Ifahamu picha yenyewe

Picha ya namna hiyo, yaani panorama kamili, huhifadhiwa kama mstatili ambao upana wake ni mara mbili ya kimo. Upana hubeba nyuzi 360 za kuzunguka. Kimo hubeba nyuzi 180, kutoka utosini hadi nyayoni. Ukingo wote wa juu ni nukta moja tu, ile iliyo juu ya kichwa chako, na ukingo wa chini vivyo hivyo. Ndiyo maana dari na sakafu huonekana zimevutwa, kama Antaktika inavyotanda chini ya ramani ya dunia ya ukutani. Upeo wa macho hukaa katikati kabisa.

Ukubwa nao ni muhimu. Kwa kawaida mtazamaji huona takriban robo ya mzunguko kwa wakati mmoja. Picha ya pikseli 2048 kwa 1024 itampa pikseli 512 tu za upana mbele ya macho, na ataona ukungu. Lenga pikseli 8192 kwa 4096.

Andika maelezo kwa mpangilio

Zipo programu zilizoundwa mahsusi kwa kazi hii, kama Skybox AI ya Blockade Labs. Programu za picha za kawaida mara nyingi hutoa picha pana tu, ambayo ncha zake mbili hazikutani.

Taja unaposimama, kilicho mbele, nyuma, kushoto na kulia, saa, upande wa jua na vifaa vya ujenzi. Kwa mfano: "Ua wa nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe mjini Lamu, saa tatu asubuhi, jua kushoto, mlango wa kuchonga mbele, kisima nyuma, sakafu ya chokaa, hakuna watu." Maneno ya kwetu yaeleze kwa umbo. Ukiandika "baraza" peke yake, programu huenda isikuelewe. Andika "benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, pembeni mwa mlango".

Kagua mambo matano

1. *Mshono.* Fungua picha kwenye GIMP, programu ya bure, uisogeze kando kwa nusu ya upana wake. Ncha mbili zitakutana katikati, na mlango uliokatika au ukuta uliobadilika rangi utauona papo hapo. Rekebisha, kisha uirudishe.

2. *Juu na chini.* Itazame kwa Blender au Pannellum, zote za bure. Inua macho, kisha yashushe. Ukiona vigae au mawingu yamejikusanya kama kizingia cha maji, sehemu hiyo ichorwe upya.

3. *Upeo wa macho.* Upeo ukipinda au ukipanda juu ya katikati, sakafu itaonekana kama mteremko, na mvaaji wa miwani ya uhalisia pepe anaweza kupata kizunguzungu.

4. *Vivuli.* Jua ni moja. Lipate kwanza, kisha geuka polepole uhakikishe kila kivuli kinakimbia upande wa pili wake. Fanya hivyo ndani ya programu ya kutazamia, kwa kuwa kwenye picha bapa mielekeo hupotoka.

5. *Mantiki ya ujenzi.* Nyumba za kale za mawe za mwambao zilijengwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, karibu mita tatu. Sebule pana kama ukumbi, yenye dari ya boriti bila nguzo wala mhimili, haiwezi kusimama hivyo. Akili mnemba huiga sura ya jengo, haijui kinacholibeba.

Mwanga na mipaka

Picha ya JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, hivyo jua na ukuta mweupe huweza kufikia weupe uleule. Ukiitumia kuangazia modeli ya pande tatu, vivuli vitakuwa hafifu. Iweke kama mandhari ya nyuma, uongeze taa ya jua ndani ya Blender upande uleule wa jua la picha, au tumia picha halisi za HDR, yaani zenye ngazi nyingi zaidi za mwanga, zinazotolewa bure na Poly Haven.

Kumbuka pia kwamba panorama ina kituo kimoja cha kusimama. Unaweza kugeuka, lakini huwezi kutembea hadi kisimani. Wala haina vipimo: usikadirie saruji wala upana wa mlango kutokana nayo.

Itumie kuchagua hali ya mahali, mwanga na rangi, kisha vipimo vichukuliwe kwa utepe na michoro ichorwe na wenye taaluma. Soma masharti ya programu kuhusu haki za matumizi kabla ya kuuza kazi. Na unapomwonyesha mteja, mwambie waziwazi kuwa picha imetengenezwa kwa akili mnemba. Anayetoa fedha zake kujenga ana haki ya kujua anachokiona ni pendekezo, si mahali palipopo.