Ivan, Vanya, Vanka

Watoto, leo tunasoma habari za majina katika nchi ya Urusi. Urusi ni nchi kubwa kupita zote duniani. Inaanzia Ulaya na kwenda mpaka mwisho wa Asia, kwenye bahari kubwa ya Pasifiki. Wakati wa baridi theluji inafunika mashamba, na maji ya mito yanaganda yakawa magumu kama jiwe, hata watu wanapita juu yake kwa miguu. Lakini leo tuache theluji. Tusikilize namna watu wa nchi ile wanavyoitana.

Mtu akisoma kitabu cha Warusi mara ya kwanza, anachoka upesi. Katika ukurasa wa kwanza anamkuta mtu anayeitwa Ivan. Katika ukurasa wa pili anakuja Vanya. Mbele kidogo Ivan Petrovich anaketi mezani, na mama mmoja mzee anamkumbatia Vanechka wake. Msomaji anauliza: «Watu hawa ni wangapi?» Ni mmoja tu. Aliyebadilika ni yule anayemwita: mara karani, mara rafiki, mara mwanafunzi, mara mama yake.

Basi tuanze na jina zima. Kila Mrusi ana majina matatu. Mtazameni Yuri Gagarin. Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeruka katika anga za juu na kuizunguka dunia, tarehe 12 Aprili 1961. Jina lake zima ni Yuri Alekseyevich Gagarin. Yuri ni jina lake mwenyewe. Gagarin ni jina la ukoo. Na Alekseyevich, hapo katikati, ni nini? Ni jina la baba yake. Baba yake aliitwa Aleksei, na Alekseyevich maana yake ni mwana wa Aleksei. Baba huyo naye aliitwa Aleksei Ivanovich. Kwa hiyo mnajua jina la babu yake Yuri, wala hakuna aliyewaambia.

Kwa binti, mwisho wa jina ni mwingine. Yuri Gagarin alizaa mabinti wawili, Yelena na Galina. Hao ni Yelena Yuryevna na Galina Yuryevna. Mwanamke wa kwanza aliyeruka katika anga za juu, mwaka 1963, ni Valentina Vladimirovna Tereshkova. Baba yake aliitwa Vladimir. Hata jina la ukoo linageuka kidogo: mwanamume ni Tereshkov, mwanamke ni Tereshkova.

Jina hili la baba ndilo jina la heshima. Mwanafunzi wa Urusi hamwiti mwalimu wake «Bwana» wala «Mwalimu». Anamwita kwa jina lake pamoja na jina la baba: Anna Ivanovna, Pyotr Nikolayevich. Kwa hiyo siku ya kwanza ya masomo mtoto anajifunza jina la baba wa mwalimu wake, hata kama baba huyo alikufa zamani. Mgonjwa anamwita mganga hivyo, na kijana kazini anamwita mkubwa wake hivyo. Tena anamwambia «ninyi», ingawa ni mtu mmoja. Ninyi mnaojifunza Kifaransa, jambo hilo si geni kwenu: mnajua pa kusema «tu» na pa kusema «vous».

Zamani za watawala wa Moscow si kila mtu aliruhusiwa kuwa na mkia huo wa «-vich». Ulikuwa heshima ya wakubwa. Mtu mdogo aliandikwa tu: Ivan, mwana wa Petro. Leo kila mtu anao, tajiri na maskini, na unaandikwa katika pasipoti.

Sasa tuingie nyumbani. Nyumbani hakuna anayemwita mtoto kwa jina zima, labda mama akiwa na hasira. Nyumbani kuna jina fupi. Mengi ya majina ya Warusi ni yale yale tunayopewa sisi katika ubatizo, lakini yamevaa nguo nyingine. Ivan ni Yohana, na kwa ufupi anaitwa Vanya. Pyotr ni Petro, anaitwa Petya. Mariya ni Maria, anaitwa Masha. Yekaterina ni Katarina, anaitwa Katya. Mikhail ni Mikaeli, anaitwa Misha. Hayo yanafahamika kidogo. Lakini Vladimir anaitwa Volodya au Vova, Dmitri anaitwa Dima au Mitya, Georgi anaitwa Gosha, na hapo mgeni anapotea njia.

Lililosafiri mbali sana ni jina la Aleksandr. Watu walilikata na kulirefusha, wakapata Aleksasha. Wakakata kichwa, ikabaki Sasha. Wakaongeza mkia, ikawa Sashura. Wakakata kichwa tena, ikabaki Shura. Shura na Aleksandr ni jina moja, lakini tafuteni herufi zinazofanana! Tena Sasha aweza kuwa mwanamume Aleksandr au mwanamke Aleksandra. Sisi tukisema «Sasha alifika», hatujui ni nani. Mrusi anajua, kwa sababu katika lugha yake neno «alifika» kwa mwanamume si sawa na «alifika» kwa mwanamke.

Jina fupi ni la kila siku. Ni la rafiki, la ndugu, la jirani. Halina dharau wala halina sukari nyingi. Mama akitaka kutia sukari, anaongeza kipande kingine. Sisi tunaweka kipande mbele ya neno: mtoto, katoto. Warusi wanaweka nyuma. Vanya anakuwa Vanechka au Vanyusha. Masha anakuwa Mashenka. Katya anakuwa Katenka, au Katyusha. Binti wa Gagarin, Yelena, kwa jina fupi ni Lena, na anayempenda sana atamwita Lenochka. Majina haya ni ya mtoto aliye mgonjwa, ya mtoto anayelala, ya mume na mke, ya bibi na wajukuu. Mgeni asiyekujua akikuita hivyo, utashangaa anataka nini kwako.

Lakini kuna mkia mmoja wa kuangalia sana. Ni «-ka» peke yake: Vanka, Mashka, Petka, Katka. Mnajua kwamba hata kwetu kipande kidogo kina pande mbili. Ukisema katoto, pengine ni kwa upendo. Ukisema kajitu, mtu atakasirika. Ndivyo ilivyo kwa Vanka. Watoto wanaocheza pamoja wanaitana Vanka na Petka, hakuna anayeumia. Kaka anamwita dada yake Mashka, naye anacheka. Lakini mtu mkubwa asiye rafiki akimwita mwenzake Vanka, ni kama kumwambia: wewe si kitu.

Jambo hili ni la zamani sana. Mtu alipomwandikia mfalme wa Moscow, hakuthubutu kutia jina lake zima. Hata mkubwa mwenye mali alijiandika mtumwa, na jina lake alilifanya dogo: hakusema Ivan, alisema Ivashka. Mfalme Petro Mkuu alichukia desturi hiyo. Mwezi wa Desemba wa mwaka 1701 alitoa amri kwamba watu wote waandike majina yao mazima. Amri ilifika katika karatasi, lakini midomo ilibaki na desturi yake. Wakulima wengi walikuwa mali ya mabwana mpaka mwaka 1861, na bwana hakumwita mkulima wake Ivan Petrovich. Alimwita Vanka. Hata baadaye, mjini, mkulima maskini aliyekuja na farasi wake mdogo kuchukua watu kwa bei ndogo alikuwa akiitwa «vanka», hata kama jina lake lilikuwa Pavel.

Sasa sikilizeni habari za Vanka mmoja. Ziliandikwa mwaka 1886 na Anton Pavlovich Chekhov, mganga na mtunzi wa hadithi. (Yeye mwenyewe alipokuwa kijana alitia chini ya hadithi zake jina la kuchekesha, Antosha Chekhonte. Antosha ni jina la mapenzi la Anton.) Hadithi hii jina lake ni «Vanka» tu.

Vanka Zhukov ni mtoto wa miaka tisa. Mama yake, Pelageya, amekufa. Alikaa na babu yake, mlinzi wa usiku katika nyumba ya mabwana kijijini. Kisha akapelekwa Moscow kwa fundi wa viatu ajifunze kazi. Sasa yuko huko miezi mitatu. Ni usiku wa kuamkia Noeli. Fundi na wengine wamekwenda kanisani. Vanka anatoa wino na kalamu yenye kutu, anatandika karatasi iliyokunjana juu ya benchi, anapiga magoti mbele yake, anaanza kumwandikia babu.

Anamweleza kila kitu. Chakula ni mkate asubuhi, uji mchana, na mkate tena jioni. Usiku analala karibu na mlango, na mtoto wa bwana akilia yeye halali, anambembeleza. Siku moja usingizi ulimshinda, bwana akamvuta kwa nywele mpaka uani na kumpiga. Siku nyingine bibi wa nyumba alimwambia asafishe samaki, naye akaanza upande wa mkia. Bibi akamchukua samaki yule na kumsukumia mtoto usoni. Vanka anataka kukimbia kwenda kijijini kwa miguu, lakini hana viatu, anaogopa baridi. Anamwomba babu aje amtoe. Atafanya kazi yoyote.

Angalieni majina. Karibu katika hadithi yote mtoto anaitwa Vanka. Ndilo jina la yatima mdogo asiye na wa kumtetea. Binti wa mabwana kule kijijini, aliyempa peremende na kumfundisha kusoma, yeye ni Olga Ignatyevna, pamoja na jina la baba yake. Lakini mwishoni mwa barua mtoto anatia jina lake mwenyewe, na hatii Vanka. Anatia Ivan Zhukov.

Babu naye anamwita kwa heshima, Konstantin Makarych, yaani Konstantin mwana wa Makar. Makarych ni Makarovich, lakini watu katika kusema wanafupisha. Vanka anaikunja barua na kuitia katika bahasha aliyoinunua jana. Anafikiri kidogo. Anaandika juu yake kwamba barua iende kijijini kwa babu. Anajikuna kichwa, anafikiri tena, kisha anaongeza: Konstantin Makarych.

Hapo kalamu inasimama. Vanka ameandika jina ambalo kijiji chote kinalijua. Pale nyumbani linatosha. Ukilitaja, kila mtu atakuonyesha mlango wa mzee. Lakini karani wa posta wa Moscow hajui kijiji gani, wala wilaya gani. Jina la ukoo halipo. Makar ni jina la watu wengi, na Konstantin ni jina la watu wengi zaidi. Mtoto alijua namna ya kumheshimu babu yake, na hakuna aliyemfundisha zaidi ya hapo.

Vanka anafurahi kwamba hakuna aliyemzuia. Anatoka mbio na shati tu, hana hata koti, katika baridi ile. Watu wa duka la nyama walikuwa wamemwambia kwamba barua zinatiwa katika sanduku la posta, kisha zinachukuliwa na magari ya farasi kwenda duniani kote. Anafika penye sanduku la kwanza, anaisukuma barua ndani ya tundu. Saa moja baadaye analala usingizi mzito. Anaota jiko kubwa la kijijini. Babu ameketi juu yake, miguu mitupu inaning'inia, anawasomea wapishi barua. Mbwa wao anazunguka jiko na kutikisa mkia.

Chekhov alikata hadithi hapo. Mpaka leo Warusi wakiona barua isiyo na anwani nzuri, wanasema imekwenda kijijini kwa babu.

Maulizo

1. Yelena ni binti wa Yuri. Mwanafunzi atamwitaje kwa heshima? Mama yake atamwitaje nyumbani?

2. Mtu mmoja anaitwa Nikolai Petrovich. Mwanawe anaitwa Ivan. Andikeni jina la Ivan pamoja na jina la baba. Babu yake Ivan anaitwa nani?

3. Watoto wawili wanacheza, mmoja anamwita mwenzake Petka. Kisha bwana wa duka anamwita mtoto yule yule Petka. Je, ni sawasawa? Kwa nini?

4. Vanka aliandika nini juu ya bahasha? Ilikosa maneno gani?

5. Chukueni karatasi. Andikeni anwani ya babu au bibi yenu, namna karani wa posta asiyemjua awezavyo kumpata.